Tarehe ya Umwinyi wa Mar na Mabibi Walioubeba

Katika nchi ya Uskochi, upande wa kaskazini mashariki, palikuwapo tangu zama za kale jimbo liitwalo Mar, ambalo mwinyi wake alihesabiwa miongoni mwa wakuu wa dola. Na ada yake ilikuwa kwamba mwinyi akifariki pasi na mtoto wa kiume, haki ilimshukia binti au dada yake, na mume wa bibi huyo akaitwa mwinyi kwa sababu ya mkewe tu. Ndivyo ilivyokuwa Earl (yaani mwinyi) Thomas alipofariki bila ya kizazi: dada yake Margaret akarithi, na mumewe William, mwinyi wa Douglas, akajiita mwinyi wa Mar pia.

Mwana wao James aliuawa katika vita vya Otterburn mwaka 1388, na hapo mirathi ya nyumba moja ikashika njia mbili. Kwani umwinyi wa Douglas ulikuwa umefungwa kwa hati ya mwaka 1342 iliyowaelekea wanaume, hata ukamwendea Archibald, aliyezaliwa nje ya ndoa, ilhali Mar, isiyokuwa na kifungo hicho, ilifuata damu ya mama, ikamfikia dada yake James, Bibi Isabella.

Isabella aliolewa na Malcolm Drummond, shemeji wa mfalme Robert wa Tatu. Lakini Drummond alikamatwa na maadui, akafa kifungoni yapata mwaka 1402, akamwacha mkewe mjane, hana mtoto, na jimbo zima liko mkononi mwake. Basi mwaka 1404 Alexander Stewart, mwana wa nje wa yule mwinyi wa Buchan aliyelichoma kanisa kuu la Elgin mwaka 1390, aliishambulia ngome ya Kildrummy akaitwaa. Na tarehe 12 Agosti bibi akatia muhuri hati ya kumpa Alexander umwinyi wote, yeye na warithi wake. Hati iliyotiwa muhuri na mjane ambaye ngome yake imeshatekwa haina uhalali wowote machoni pangu, na mfalme naye hakuithibitisha.

Alexander akafahamu kuwa upanga hauwezi kumpatia haki ambayo asili yake ni damu ya mwanamke. Tarehe 9 Septemba alitoka nje ya lango la Kildrummy, na mbele ya askofu wa Ross na wenyeji wa jimbo akamkabidhi bibi funguo za ngome, pamoja na hati na vyombo vyote vilivyokuwamo, auweke au autoe umwinyi wake apendavyo. Na Isabella, funguo zikiwa mkononi mwake, akatamka kwamba amemchagua Alexander kuwa mumewe. Kama alisema kwa ridhaa au kwa hofu, ni jambo la siri ya moyo wake. Ila masharti yaliyofuata yana ushahidi wa busara, kwa kuwa hati ya Desemba iliagiza kwamba wasipopata mtoto umwinyi urejee kwa jamaa zake yeye Isabella, wala si kwa jamaa za mumewe, na mfalme akaithibitisha Januari 1405.

Bibi alifariki mwaka 1408 bila ya mtoto. Alexander aliendelea kuishika Mar, akaongoza jeshi Harlaw mwaka 1411, kisha mwaka 1426 akapatana na mfalme James wa Kwanza kwamba baada yake na mwanawe jimbo liwe la taji. Hivyo alipokufa mwaka 1435, ukoo wa Erskine, waliotokana na binti mwingine wa nyumba ya Mar, walidhulumiwa, na mwaka 1457 baraza la James wa Pili likawakatalia kabisa. Malkia Mary ndiye aliyewarudishia mwaka 1565.

Ugomvi haukuishia hapo. Mwaka 1875 mabwana wa bunge huko London walihukumu kuwa Malkia Mary aliunda cheo kipya cha wanaume peke yao. Sheria ya mwaka 1885 ikautambua tena ule umwinyi wa kale, na tangu hapo pamekuwa na maearl wawili wa Mar. Ule wa kale ulibaki na ada yake, na mwaka 1975 ulimshukia binti, Margaret, aliyeurithi kwa baba yake.