Ufasaha wa Sauti Redioni na Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Aghalabu wahakiki wetu waijadilipo sauti ya mtangazaji huishia kwenye hukumu mbili: huyu ana matamshi safi, yule ameathiriwa na lugha ya mama. Hukumu hizo zina historia, na sehemu ya historia hiyo imo katika mitaa ya Eastlands.

Kiswahili hakikuletwa huko na redio. Pumwani, iliyoasisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilikwisha kuwa na wakazi Waislamu waliokizungumza kabla ya utangazaji kuanza Nairobi mwaka 1928, tena kwa ajili ya walowezi. Kilicholetwa na redio ni kipimo. Idhaa ya Taifa ya Sauti ya Kenya, shirika lililowekwa chini ya serikali mwaka 1964, iliwasikizisha watu wa Kaloleni, Bahati na Jericho lafudhi iliyoegemea pwani: th na dh zisizogeuzwa s na z, r isiyochanganywa na l, na mkazo uliotua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho hata sentensi iliporefuka.

Leonard Mambo Mbotela (1940–2025) ndiye mfano ulio wazi. Alizaliwa Freretown, Mombasa, katika jamii ya wazawa wa watumwa walioachiwa huru. Babaye, James Mbotela, ndiye mwandishi wa *Uhuru wa Watumwa* (1934). Kipindi chake, *Je, Huu ni Ungwana?*, kilianza mwaka 1966. Pwani, ungwana ulikuwa kinyume cha utumwa kabla ya neno hilo kuwa jina la adabu. Basi mtoto wa Freretown alikalia kiti cha hukumu ambacho mababu zake walinyimwa, na alikikalia kwa sauti: kiimbo cha swali, kituo, vokali zilizotamkwa kamili. Nadharia ya kuwa ufasaha hurithiwa haipati nafasi hapa. Tarehe 1 Agosti 1982 askari waasi wa Jeshi la Anga walimchukua nyumbani kwake Ngara ili atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Bunduki walikuwa nazo tayari. Walihitaji sauti ambayo mitaa ingeiamini.

Wakati huo Sheng ilikuwa imekwisha kukomaa katika mitaa hiyo. Koch FM ilipoanzishwa Korogocho mwaka 2006, jina lake lenyewe lilivunja kanuni ya idhaa ya zamani: Korogocho, silabi nne wazi, imekatwa ikawa silabi moja iliyofungwa kwa konsonanti. Wapo watakaoita hivyo kumeza maneno. Mimi naona kinyume chake. Neno la Kiswahili sanifu hulindwa na vokali ya mwisho. Likififia kidogo bado husikika. *Koch* haina kinga hiyo: ikipotea konsonanti moja, neno limepotea. Sheng redioni, kwa hiyo, hudai ulimi makini zaidi, na mtangazaji anayeilegeza hueleweka na wenzake wa maskani tu, Dandora hawamsikii.