Vitabu vya Maní na Matanuru ya Katuruka



Wapendwa wasomaji, juma hili tunawaalika tusafiri pamoja mbali kidogo, kisha turudi nyumbani Buhaya.

Tarehe 12 Julai 1562, katika mji wa Maní, nchi ambayo leo ni Meksiko, mtawa Mfransisko aitwaye Diego de Landa aliamuru vitabu vya Wamaya vichomwe moto pamoja na sanamu zao. Wamaya walikuwa na maandishi yao, hesabu zao na kalenda yao karne nyingi kabla Mhispania wa kwanza hajafika kwao. Leo vitabu vyao vya kale vinavyojulikana kubaki duniani kote ni vinne tu. La kushangaza ni kwamba Landa huyo huyo aliandika baadaye maelezo marefu juu ya mila na herufi za Wamaya, na wataalamu wamelazimika kujifunza kwa mtu aliyewasha ule moto.

Tena moto haukuwa peke yake. Ndui ilikuwa imefika Meksiko tangu mwaka 1520 na kuua watu wasiohesabika, wakiwamo wazee waliobeba kumbukumbu za taifa. Anayekufa bila kurithisha alichokijua huzikwa na maktaba nzima.

Pengine msomaji wa Kashozi atauliza: hayo yatuhusu nini? Yatuhusu kuliko tunavyodhani. Maharage tunayochanganya na ndizi, mahindi, mihogo na viazi vitamu vyote asili yake ni Amerika. Hata funza anayeingia miguuni mwa watoto wetu alitoka huko: alivuka bahari kutoka Brazil hadi Angola katika miaka ya 1870, akapenya bara zima, na kabla karne ile haijaisha alikwisha fika pwani ya mashariki. Yaliyoanza mwaka 1492 yalitufikia mpaka ndani ya migomba.

Kisha tukafikiwa na ukoloni wenyewe. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba ulioweka mpaka magharibi ya Ziwa Viktoria kwenye mstari wa nyuzi 1 kusini ya ikweta. Huo ndio mstari unaopita Mutukula. Hakuna mkama wa Buhaya aliyeulizwa. Miezi michache baadaye, Novemba 1890, Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba. Miaka hiyo hiyo sotoka iliteketeza ng'ombe katika nchi za Maziwa Makuu, na watu walikutana na mgeni wakati nguvu zao zimepungua. Wajerumani wakawainua watawala waliowafaa, kama Kahigi wa Kianja, ambaye eneo lake lilipanuliwa, na wengine wakapunguziwa. Mwaka 1897 serikali yao ikatangaza kodi ya nyumba katika koloni lote. Kahawa, ambayo babu zetu waliichemsha na kuikausha ili kumkaribisha mgeni na kufunga undugu wa damu, ikageuka zao la kutafutia fedha ya kodi.

Hayo yote yamo katika vitabu vya shule. Lakini lipo jambo moja lisilosemwa mara nyingi, nalo ndilo tunalotaka kulitafakari leo. Sisi hatukuchomewa vitabu. Elimu yetu ilipotea kwa njia ya kimya zaidi.

Pale Katuruka, karibu na Maruku, wazee walisimulia kwa vizazi vingi juu ya Mkama Rugomora Mahe, aliyetaka kujenga mnara wa chuma ufike mbinguni. Walionyesha hata mahali wahunzi wake walipofanya kazi. Mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, aliyeanza utafiti wake Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwasikiliza wazee hao, akachimba walipomwonyesha. Ardhi ikatoa mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Simulizi ambazo wasomi wengi wangeziita ngano zilikuwa zimehifadhi mahali penyewe.

Kisha wazee waliowahi kuyeyusha chuma katika ujana wao waliombwa kujenga tena tanuru. Kazi haikufaulu mara moja, kwa maana mikono ilikuwa imekaa miaka mingi bila kuifanya. Lakini walifaulu. Walijaza shimo majani ya bwawani yaliyochomwa, wakaingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuru ili hewa ya mivukuto ipate moto kabla ya kukutana na makaa, wakapata chuma chenye kaboni, kilicho jamaa ya chuma cha pua. Mwaka 1978 matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la kisayansi la Science, na ulimwengu ukastaajabu.

Nani basi aliyazima matanuru hayo? Hakuhitajika askari. Jembe la kiwandani lilipofika kwa bei nafuu, tanuru lilipoa lenyewe. Na mtoto alipofundishwa kwamba kila chenye akili kimetoka ng'ambo, hakuona sababu ya kumuuliza babu yake. Moto wa Maní uliteketeza vitabu kwa siku moja. Aibu iliteketeza vyetu kwa kizazi kimoja.

Hatusemi kwamba nchi ya babu zetu ilikuwa paradiso. Nyarubanja, mfumo wa ardhi uliomfanya mkulima awe mtwana wa mwenye ardhi, ulikuwa wa kwetu wenyewe. Ulipanuka chini ya wakoloni, na ukafutwa kwa sheria baada ya uhuru. Kuijua historia si kuipamba.

Nalo Kanisa tusilipambe. Mapadre Weupe walifika Kashozi mwaka 1892 kutoka Buganda, baada ya vita vya Mengo, wakati ule ule bendera ya Mjerumani ilipokuwa ikisimikwa. Injili na dola zilipita njia moja, na si kila mara watu waliweza kuzitofautisha. Kuna desturi zilizokataliwa kwa haki, na kuna hekima iliyotupwa pamoja nazo. Lakini ni Kashozi hii hii, katika kiwanda cha uchapaji cha Rumuli, ambako mwaka 1949 kilichapwa kitabu cha Francis Lwamgira, Amakuru ga Kiziba, historia ya Kiziba na wakama wake kwa lugha ya Kihaya. Mkono ule ule unaweza kuzima, na unaweza kuwasha.

Amerika nako ilikuwa hivyo. Mwaka 1511 Mdominiko Antonio de Montesinos aliwakemea walowezi wa Kihispania hadharani, akiwauliza kama wenyeji wale si watu. Mwaka 1537 Papa Paulo III alitamka kwamba wenyeji wa Amerika ni binadamu kamili, wasinyang'anywe uhuru wala mali zao. Wengi hawakumsikiliza. Tarehe 30 Machi 2023 Vatikano ilitamka wazi kwamba inakataa lile fundisho lililodai kuwa aliyeivumbua nchi ya wengine ameimiliki. Ukweli ulichelewa, lakini ulisemwa.

Wapendwa, wale wazee wa tanuru waliulizwa wakiwa bado hai. Leo yupo jirani yako anayejua dawa ya mti fulani, jina la kale la kilima chenu, au namna ya kutengeneza mtumbwi. Hana kitabu. Kitabu ni yeye. Muulizeni, andikeni, tena mwandike kwa lugha yake, kabla hatujafika kwake tukiwa tumebeba jeneza.