Mahindi, Ushirika na Soko Huria

Suala la iwapo mkulima amuuzie nafaka yake yeyote ampaye bei nzuri, ama aikusanye pamoja na ya jirani zake ipate kuuzwa kwa sauti moja, ni suala la kale kwetu. Tangu Tanganyika ilipopata sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932, kila kizazi kimelijibu kwa namna yake.

Baada ya uhuru, kwa nia njema ya kumwepusha mkulima na mlanguzi, serikali iliunda mwaka 1963 bodi ya taifa ya mazao, na mahindi yakawa hayana njia ya halali ila kupitia chama cha msingi, kisha chama kikuu, kisha bodi, huku kila mlango ukikata ushuru wake. Na manung'uniko yakazidi hata mwaka 1966 Rais Nyerere akateua kamati ya kuuchunguza ushirika. Mwaka 1973 kazi ya bodi ikakabidhiwa Shirika la Usagishaji la Taifa, na punde ikatangazwa bei moja kwa nchi nzima. Hapo mkulima wa Sumbawanga au Songea, ambaye kabla ya hapo gharama ya lori ilimlia faida yote, alilipwa sawasawa na aliye karibu na Dar es Salaam. Ruvuma, Rukwa, Iringa na Mbeya zikawa ghala la taifa, ilhali Shirika, lililobeba nauli ile yote, likazama katika madeni. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa kwa amri, wala wanachama, ambao ndio wenye mali, hawakuulizwa.

Matokeo ya haya yote yalikuwa magendo. Gunia lilisafiri usiku, na serikali, baada ya kurudisha ushirika kwa sheria ya mwaka 1982, iliruhusu mwaka 1984 mtu kusafirisha hadi kilo 500 za nafaka, na mwaka 1987 kikomo hicho kikaondolewa.

Soko huria lilimletea mkulima mnunuzi hadi uani, na fedha taslimu mkononi (jambo ambalo Shirika aghalabu lilishindwa), lakini lilimletea pia lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba, linalohesabiwa kuwa moja.

Kwa rai yangu, kuuza pamoja ndiko bora, kwa sharti kwamba mizani, daftari na ufunguo wa ghala vikae kwa wenye mahindi, na asiyeridhika awe huru kuchukua gunia lake akauze kwingine.