Marufuku ya 1974: Kompyuta Ilipobebeshwa Lawama

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Wanafunzi wengi wakisikia habari hii hucheka, wakidhani ulikuwa ni woga wa Ujamaa mbele ya mashine. Sivyo. Fedha za kigeni zilikuwa adimu: bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na ukame ulilazimisha chakula kununuliwa nje. Hata hivyo, palikuwa na sababu nyingine, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi leo.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Baadaye hesabu za Serikali zikahamishiwa kwenye mashine, na jaribio hilo likaishia pabaya. Udhibiti wa hesabu ulilegea badala ya kuimarika, na Serikali ikaingiwa na mashaka juu ya teknolojia yenyewe.

Tutafakari kilichokuwa kikibadilishwa. Leja ya mkono haikuwa karatasi tupu. Ilikuwa mpangilio wa wajibu. Mmoja aliandaa vocha, wa pili aliikagua, wa tatu aliidhinisha malipo, na kila mmoja aliacha saini yake. Kosa lilikuwa na mwenyewe. Kazi ilipohamia kwenye mashine, iliyohudumiwa na wataalamu wachache, wengi wao wageni, mhasibu alibaki na dhamana ya takwimu ambazo hakuweza tena kuzifuatilia. Mashine ilinunuliwa, utaratibu mpya wa kuwajibika haukujengwa.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Marufuku ililaumu jembe. Gharama yake haikuwa ndogo: katika miaka ileile ambapo kompyuta ndogo na nafuu zilienea duniani, taasisi zetu zilipaswa kuomba kibali maalumu, na kizazi kizima cha watumishi kikakosa fursa ya kujifunza kwa kukosea kidogo kidogo.

Linganisha na mfumo wa Epicor, ulioanza kutumika serikalini mwaka 1998. Huo ulianzia Dar es Salaam na Dodoma, kisha ukasambazwa mikoani, na uliambatana na mageuzi ya udhibiti wa malipo Hazina. Haukukosa kasoro, lakini ulidumu kwa miaka mingi, kwa kuwa mashine na utaratibu wa kazi vilibadilishwa pamoja, hatua kwa hatua.

Leo tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na mifumo mipya huzinduliwa mara kwa mara. Mtumishi wa halmashauri huamka akakuta namna ya kufanya kazi yake imebadilika. Kabla ya kupiga makofi, tuulize: nani ana mamlaka ya kusahihisha kosa likishaingia? Mfumo wa zamani na mpya vitaendeshwa sambamba kwa muda gani? Yule atakayeutumia kila siku alishirikishwa kabla ya zabuni kutangazwa, au aliitwa kwenye mafunzo ya siku mbili baada ya mkataba kutiwa saini?

Haya si maswali ya mafundi peke yao. Mstaafu ambaye mafao yake yamekwama kwa sababu jina lake limekosewa herufi moja anastahili kujua ofisini ni nani mwenye uwezo, na wajibu, wa kulirekebisha.