Sinema ya ruba na meli ya ziwa letu

Kalemie. Mzee mmoja aliyekimbia kijiji chake, na ambaye sasa anaishi kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani karibu na mji huu, alikuwa na picha moja tu kichwani tangu utoto. Mzungu mwembamba anavuta mashua ndani ya matete. Anapotoka majini mwili umejaa ruba, anatetemeka. Halafu analazimika kuingia tena. Aliiona kwa wapadri, kwenye shuka nyeupe. Jina la filme alilisahau. Wajukuu walimcheka: "Babu, wewe uliota." Jirani alisema ni Tarzan.

Mzee alikumbuka jambo lingine dogo: mwishoni meli ya Wajerumani inazama ziwani. Hilo ndilo lilisaidia. Kijana wa kambi alitafuta kwenye telefone, akaipata: The African Queen, ya John Huston, ya mwaka 1951. Mzungu yule ni Humphrey Bogart.

Sehemu ya filme hiyo ilipigwa kwetu Kongo, kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu. Lakini ruba hawakuwa wa kwetu. Kipande kile kilipigwa Uingereza, ndani ya tangi la studio, na ruba wa mpira! Mzee hakufurahia habari hiyo.

Hadithi yake, iliyotoka kwenye kitabu cha C. S. Forester cha 1935, inagusa vita vilivyopiganwa hapa hapa. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa treni, wakazivusha milima ya Mitumba mpaka Lukuga. Waliofyeka njia na kujenga madaraja ni Waafrika, na filme haina habari yao. Tarehe 9 Februari 1916 meli Hedwig von Wissmann ilizamishwa.

Ile kubwa zaidi, Graf von Götzen, haikuzamishwa na adui. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, karibu na Kigoma. Ilitolewa majini mwaka 1924, na kuanzia 1927 inaitwa Liemba.

Kusikia Liemba, mzee alinyamaza. Mwaka 1997 meli hiyo ilirudisha Wakongo waliokimbilia Tanzania, naye alikuwa ndani pamoja na mke wake na watoto, na magodoro mawili. Wajukuu hawakujua. Jioni ile walimuuliza walilala wapi, walikula nini, nani alilia. Habari ya ruba hakuna aliyeiuliza tena.