Fundi wa Piano Huanzia Wapi?

Wengi wetu tumemwona fundi akifungua piano ya kanisa, akigonga gotini kichuma chenye meno mawili kama uma, kisha akakisogeza sikioni. Anatafuta noti moja tu, A iliyo juu ya C ya katikati. Piano ina funguo 88 na nyuzi zaidi ya 200, na zote zitaifuata hiyo moja.

Kichuma hicho kilibuniwa mwaka 1711 na John Shore, mpiga tarumbeta wa Uingereza. Hata baada yake, kila mji ulikuwa na A yake. Kichuma kinachosemekana kuwa cha Handel, mtunzi wa ile "Hallelujah" tunayoipenda, hutoa mitetemo 422.5 kwa sekunde. Yetu leo ni 440. Tofauti hiyo ni kama robo tatu ya nusu toni, kwa hiyo akina dada wa sauti ya kwanza wakilalamika kwamba kurasa za mwisho zinawanyonga, wana haki.

Katika karne ya 19 sauti ilizidi kupanda, maana okestra zilipenda mlio unaong'aa. Walioumia ni waimbaji. Ufaransa iliunda tume, Rossini na Berlioz wakiwemo, na mwaka 1859 serikali ikaamuru 435. Hiyo 440 ilikubaliwa kwenye mkutano wa London, Mei 1939. Haikushuka kutoka mbinguni; watu waliketi mezani.

Sisi wa solfa tumezoea do inayohama. Mwalimu akisema do ni G, tunahamia huko. Piano haihami, ila ikikaa miaka bila kutuniwa hushuka. Fundi akianzia A yake iliyoshuka, nyuzi zitapatana zenyewe kwa zenyewe, lakini zitagombana na kinanda cha umeme na tarumbeta. Akianzia 440, atazikaza nyuzi ambazo kwa jumla huvutwa kwa nguvu ya zaidi ya tani 15, na zenye kutu huweza kukatika. Kwa maoni yangu, piano inayopigwa pamoja na kinanda ianzie 440, hata ikibidi fundi aje mara mbili: kwanza kuipandisha haraka haraka, kisha kuituni kwa makini.

Baada ya A hupanga okteva ya katikati, ndipo aende kwenye besi na juu. Kazi hiyo inataka ukimya, kwa hiyo siku atakayokuja mazoezi yatakuwa nje, chini ya mti.