Besi ya Mjomba

Mwaka 1983 nilikuwa mwanachuo katika Chuo cha Ualimu Mpuguso, karibu na Tukuyu. Jumapili moja ya mvua mjomba wangu aliniletea mkungu wa ndizi, akanikuta nimetega sikio redioni. Mawimbi mafupi yalikuwa yakileta tamasha la okestra kutoka Ulaya. Walianza na Bizet, kisha wakapiga Symphonie fantastique ya Berlioz.

"Huu ni muziki wa wasomi, mjomba," nilimwambia kwa majivuno.

Hakunijibu. Alisikiliza kimya hadi sehemu ya mwisho, pale kengele ya maziko inapolia na sauti nzito zinapoanza wimbo wa kale wa kanisa wa kuombea wafu. Akatabasamu. "Hiyo ni besi, mwipwa. Ndiyo ninayoipuliza mimi."

Nilicheka. Mjomba alipuliza tarumbeta kubwa kanisani, iliyobonyea kila upande. Kwangu mimi vitu hivyo viwili havikuwa na undugu wowote.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, nilisoma historia ya ala hizo. Zamani tarumbeta haikuweza kutoa noti zote. Mwaka 1818 Wajerumani wawili, Stölzel na Blühmel, walipewa hataza ya vibonyezo huko Berlin. Tuba, yaani besi yenyewe, ikafuata mwaka 1835, huko huko Berlin. Berlioz alipoisikilizisha Paris simfonia yake mwaka 1830, tuba haikuwapo bado. Sauti zile nzito zilipulizwa kwa ala za kale, na baadaye tuba ikashika nafasi yake.

Vibonyezo hivyo hivyo vilimwezesha fundi au mkulima, akitoka kazini, kupuliza tenzi za kanisa pamoja na wenzake. Wamisionari Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, kwao Ujerumani ilikuwa tayari desturi kupuliza tarumbeta makaburini alfajiri ya Pasaka. Desturi hiyo ikaota mizizi kwetu.

Basi mjomba alisema kweli. Okestra ile na kikundi chake walikuwa ndugu wa karne moja. Yeye alimtambua ndugu yake kwa sikio. Mimi nilihitaji vitabu.

Nilipotaka kumwomba radhi, alikuwa amekwisha kuzikwa. Kila alfajiri ya Pasaka nasimama penye kaburi lake. Tarumbeta zinapoanza, nasikiliza besi kwanza.